Mashine Niliyomkataza Mjomba

Mjomba wangu alikuwa na maneno yake kuhusu stika, na kila mteja aliyefika kibandani kwake aliyasikia kabla hajatajiwa bei. "Stika ni plasta," alikuwa akisema. "Sasa ukuta wako unaumwa nini hata uubandike plasta?" Mteja akacheka, mjomba akacheka zaidi yake, kisha akachovya brashi na kuanza kazi. Kwa miaka mingi utani huo ulimlisha.

Yeye ni mchora mabango. Watu wanamwita Mstari, maana anapiga mstari wa mita tatu kwa mkono mtupu, bila rula wala kamba ya chaki, na ukienda kuupima baadaye unajilaumu kwa nini ulimtilia shaka. Nusu ya maduka ya barabara yetu yamevaa herufi zake. Ukitaka kujua herufi ni ya Mstari, tazama ile R. Mkia wake unatoka nje kidogo, kama mtu aliyekaa kwenye benchi akanyoosha mguu mmoja. Wachoraji wengine walijaribu kuiga, wakaishia kuchora R zinazochechemea.

Mimi ni mpwa wake, mtoto wa dada yake. Nina miaka thelathini na sita, nina mdomo, na hasira zangu ziko karibu. Nayasema mapema ili usije ukanihurumia bure. Kazi hii nimefunzwa na yeye. Nilipokuwa msichana wa shule, kila likizo nilikuwa namshikia ngazi. "Shika, usiangalie watu," alikuwa akiniambia kutoka juu, "ukiangalia watu mimi nitakuja chini." Nilipokua akanipa brashi, nikawa najaza rangi ndani ya herufi alizozichora. Kujaza nilikuweza, kuchora kulinishinda. Mkono haukuwa wangu, ulikuwa wake, na hakuna shule inayokupa mkono wa mtu mwingine.

Nikaenda kuajiriwa kwenye karakana ya stika. Nilikaa miaka tisa, na huko ndiko nilikogundua kwamba kama sina mkono, basi jicho la mashine ninalo. Mashine ikikohoa tu nilijua inaumwa wapi. Nilipoachana na tajiri mwenye karakana ile nilikodi chumba kimoja kinachotazama barabara, nikaweka kompyuta, meza na viti viwili, nikagawa chumba kwa pazia, na mlangoni nikaandika kwamba hapa tunatengeneza stika na mabango. Nilikuwa na kila kitu isipokuwa mashine.

Hebu fikiria fundi cherehani asiye na cherehani. Ndiye mimi. Napokea kazi, naipanga vizuri kwenye kompyuta, halafu naenda kujipanga kwa wenye mashine zao ili wanichapie wakishamaliza za kwao. "Subiri kidogo, dada." Na hiyo kidogo yenyewe ni nusu siku. Nilikuwa nakaa pale nimenuna, nawatukana moyoni mmoja mmoja, na kesho yake narudi na tabasamu. Hiyo siyo sababu ya nilichokifanya. Ningependa iwe sababu, lakini siyo.

Mwaka huo goti la mjomba lilianza kugoma. Ngazi akawa anaipanda kwa kuivizia, hatua moja halafu anapumzika kana kwamba anatazama mandhari. Mkono wa kulia nao ukaanza kutetemeka, si sana, kwenye herufi ndogo tu, zile za namba ya simu chini ya bango. Na wateja walikuwa wameshabadilika. Wanataka picha ya mtu anacheka, picha ya kuku wa kukaanga, picha ya gari jipya, na vyote wanavitaka kesho. Utani wa plasta ukawa hauchekeshi. Siku moja mwenye duka la dawa, ambaye mjomba amemchorea bango lake mara tano toka likiwa kibanda, alimwambia kwa heshima zote kwamba safari hii anabandika stika. Mjomba akamsaidia kupima ukuta. Mama ndiye aliyenisimulia. Alisema kaka yake alirudi nyumbani siku ile akaosha brashi zote, ingawa hakuna hata moja iliyokuwa imetumika.

Mwezi uliofuata aliuza kiwanja kidogo alichokuwa amejiwekea kwa ajili ya uzee, akasema anataka kununua mashine.

Haikuwa mpya. Ilikuwa ni mashine iliyotumika, ya kuchapa na kukata stika kwa pamoja, mali ya mwalimu mstaafu aliyefungua duka la stika, akachoka nalo, na sasa alikuwa anahama mji kumfuata mkewe. Mjomba kwa mashine alikuwa hajui hata pa kuwashia. Akaja kwangu asubuhi, amevaa shati lake jeupe la mikutano, akakaa kwenye kiti cha wateja. Alikuwa anaona haya. Mtu aliyetukana stika miaka ishirini amekuja kumwuliza mpwa wake stika inachapwaje! Kwanza aliniomba radhi kwa ule utani wa plasta, maana nilipoajiriwa karakana aliwahi kunitania nao mbele ya watu. Mimi nilikuwa nimeshausahau. Yeye hakuwa ameusahau.

"Mimi jicho langu ni la rangi," akasema. "La mashine ni lako. Ukiniambia ninunue, nanunua. Ukiniambia niache, naacha."

Mama alikuwepo, amekuja na maneno yake ya kawaida. Akaniambia niende na mjomba wangu nikamkagulie, asije akauziwa mbuzi kwenye gunia.

Tukatoka. Njiani mjomba akanieleza mipango, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyotembea haraka, goti likasahaulika. Ngazi basi, imetosha. Yeye atachora herufi zake mezani, amekaa, kwa mkono, taratibu. Mimi nitaziingiza kwenye kompyuta, mashine itachapa na kukata, tutagawana nusu kwa nusu. Hakuna mji wenye stika za namna hiyo, alisema, stika zilizochorwa na mtu. Na jina la duka alishalipata. Akasimama katikati ya njia akaliandika hewani kwa kidole, herufi kwa herufi, na R akaipa mguu wake: Mstari na Mpwa.

Nilitabasamu. Ndani niliungua. Miaka tisa ya kuzifahamu mashine mpaka matumbo yake, halafu niwe Mpwa kwenye bango mpaka siku nazikwa? Nirudi kushika ngazi, tena safari hii ngazi yenyewe ya kompyuta? Ningeyasema pale pale, tungegombana, angenuna hadi kona ya pili, angebadilisha jina, na mambo yangekwisha. Mimi ambaye mdomo haunifungiki kwa mtu yeyote, siku hiyo niliufunga.

Mashine ilikuwa sebuleni kwa mwalimu, katikati ya makochi yaliyoshafungwa kamba tayari kwa safari. Ndefu kama kitanda. Nilipofunua kifuniko, lo! Reli zinang'aa, mkanda haujachakaa, kisu cha kukatia bado kikali. Kosa lake lilikuwa moja tu, kwamba ilikaa miezi minne imezimwa, na mwalimu alikuwa ameiwasha jana yake kwa ajili yetu. Niliipitishia mkono kwa juu, nikaona wivu kana kwamba nimemkuta mchumba wangu kwa mtu.

Wakati mwalimu anaeleza, mashine ikaanza yenyewe. Kichwa cha kuchapia kikakimbia kulia, kikakimbia kushoto, ikanguruma, ikafyonza kwa sauti, ikatulia. Mjomba aliruka. Mwalimu akamweleza kwamba hizi zikiwa na umeme hujisafisha zenyewe kila baada ya saa kadhaa, ili wino usikaukie kwenye matundu. Mjomba akacheka mpaka akashika goti.

"Kumbe nayo inapiga mswaki," akasema.

Akaipenda palepale. Alisema imewashinda watoto wake wote, maana hao walikumbushwa mpaka wakaoa.

Tukachapa karatasi ya majaribio. Ni karatasi ya kawaida tu, ambayo mashine huchapa kila rangi peke yake kwa vistari vyembamba, ili uone kama kila tundu linatoa wino. Njano ilitoka kamili. Nyeusi kamili. Waridi kamili. Buluu ilikuwa na mapengo kama kinywa cha mtoto wa darasa la kwanza. Mjomba akaishika ile karatasi kwa mikono miwili, akanitazama.

Fundi yeyote anajua hapo pana nini. Miezi minne bila kazi, wino umekauka, basi. Unachukua bomba la sindano, maji ya kusafishia na kitambaa laini, unajipa asubuhi moja ya subira, na buluu inarudi. Nimeshafanya hivyo sijui mara ngapi. Ungeniamsha usingizini ukaniuliza, ningekujibu bila kufungua macho.

"Kichwa kimekufa," nikasema.

Macho makavu kabisa. Kisha nikaendelea, maana uongo ukishauanza unataka kulishwa: kwamba kichwa kipya bei yake inakaribia mashine nzima, kwamba hata ukikibadilisha mashine ya umri huu haikubali, kwamba leo ni buluu, kesho waridi, keshokutwa unakaa na kabati. Mwalimu alijaribu kusema kwamba yeye aliambiwa kinasafishika. Nikamwuliza kwa sauti ya juu kidogo, kati yangu na yeye fundi ni nani. Akatazama makochi yake.

Mjomba hakubishana. Aliikunja ile karatasi mara nne, akaitia mfuko wa shati, akamshukuru mwalimu, tukatoka. Njiani goti lilimrudia. Tulikwenda polepole, kisha akaniwekea mkono begani na kuniambia nimemwokoa, kwamba bila mimi angekuwa amekibeba kiwanja chake kizima akakitupa shimoni. Nami nikamjibu kwamba ndiyo kazi ya mpwa. Mungu anisamehe, nilisema hivyo hivyo.

Nilimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na akanishukuru kwa kumpaka.

Siku ya sita nilirudi kwa mwalimu peke yangu. Nilimwambia naichukua kwa ajili ya vipuri, na kwa kuwa mimi mwenyewe nilishaitangaza maiti, akaniuzia kwa bei ya maiti. Nikaileta kwa gari la mizigo saa ambayo najua mjomba yuko upande mwingine wa mji. Nikaiweka nyuma ya pazia, nikafunga mlango, nikachukua bomba la sindano. Kabla ya adhuhuri buluu ilikuwa imetoka yote, kistari kwa kistari, na mimi nimekaa sakafuni naitazama ile karatasi na sina wa kumwonyesha.

Nikaifunika kwa shuka la maua, lile alilonipa mama nilipohamia. Nikaanza kujipigia hadithi. Kwamba mjomba ingemshinda tu. Kwamba kompyuta ingemtia presha. Kwamba nikishasimama vizuri nitamchapia bure, tena kwa moyo mmoja. Wateja nikawaambia nina mtu wangu ananichapia. Kazi zikaanza kutoka siku hiyo hiyo, wakanisifu, na kila waliponisifu nilitafuta kitu cha kushika mezani.

Mjomba alirudi kwenye ngazi. Angefanya nini? Siku moja nilimwona kwa mbali kwenye ukuta wa gereji. Mkono wa kushoto umeng'ang'ania ngazi, wa kulia unachora, na kila akimaliza herufi anapumzisha paji la uso kwenye kipago cha ngazi. Chini hakukuwa na mtu wa kumshikia. Nilisimama kidogo, kisha nikakata kona, nikapita njia ya nyuma, na toka siku hiyo njia ya nyuma ikawa ndiyo njia yangu.

Wiki ya tatu akaja. Asubuhi tena, na shati jeupe tena, nikajua si matembezi. Akakaa kwenye kiti cha wateja, akaanza mbali: afya yangu, presha ya mama, biashara. Kisha akashusha sauti, ingawa tulikuwa wawili tu, akatoa mfukoni ile karatasi iliyokunjwa mara nne. Mikunjo ilikuwa imeshachakaa. Alikuwa anatembea nayo muda wote huo.

Akanieleza kwamba pale gereji alikuja mtu kutengenezewa gari, na mtu huyo ni fundi wa mashine za kuchapa. Mjomba akamwonyesha karatasi, kwa mazungumzo tu. Yule fundi akaicheka, akasema huu ni wino mkavu, ni kazi ya asubuhi moja. Nikasubiri aninyooshee kidole.

Hakuninyooshea. Alikuja kunibembeleza. Alisema nisijisikie vibaya, hakuna fundi asiyekosea, na kwamba kuna jambo ambalo hajawahi kumwambia mtu ila mkewe. Ujanani alipewa kazi ya kuchora jina la hoteli, herufi za urefu wa mtu, akafanya siku mbili juani bila kupumzika, na alipomaliza akashuka kuitazama akakuta ukuta si wenyewe, ni wa jirani, na ndani ya ukuta huo palikuwa na kituo cha polisi. Alitoroka na ngazi begani. Kwa wiki nzima polisi wale walipata wageni waliokuja na masanduku kuulizia vyumba. Alilisema hilo huku akicheka kidogo na kunichungulia usoni kuona kama nami nacheka. Aliitoa aibu yake ya siri akaiweka mezani ili yangu ipate kuwa nyepesi.

"Ulikosea kidogo tu, mwanangu," akasema. "Kufanya kosa si kosa. Hata yule fundi nimemwambia, mpwa wangu jicho analo, siku ile alikuwa amechoka."

Sikuweza kuinua uso. Naye akadhani naonea haya lile kosa, akazidi kunibembeleza. Yeye ni nani hata nimwonee haya? Akasema amekuja mapema makusudi, twende wote kwa mwalimu sasa hivi, kabla hajahama na kabla maneno ya yule fundi hayajazunguka mji. Mimi ndiye niseme kwamba nimefikiria upya na kichwa kinasafishika, ili jina langu lisiharibike. Pesa ya kiwanja ipo, hajaigusa. Kisha akakuna kidevu, akasema pia amelifikiria lile jina la duka, maana aliniona uso wangu siku ile njiani. La kwangu litatangulia. Yeye atakuja nyuma.

Hapo ndipo mahali pa kusema. Nilijua, na mwili wote ulijua. Nilifungua mdomo, nikawa natafuta neno la kwanza, neno dogo tu la kuanzia.

Mashine ikaanza. Nyuma ya pazia kichwa kikakimbia kulia, kikakimbia kushoto, ikanguruma, ikafyonza, ikatulia.

Mjomba alibaki na mkono kidevuni. Alitazama pazia. Nilimwomba moyoni ainuke alifungue, apige kelele, anipige na kiti ikibidi. Hakuinuka.

"Inapiga mswaki," akasema.

"Mjomba..."

"Buluu inatoka?"

"Inatoka."

"Yote?"

"Yote, mjomba."

Akatikisa kichwa polepole kama mtu anayekubali bei. Aliitandaza ile karatasi kwenye goti lake bovu, akainyoosha mikunjo kwa kidole gumba, mmoja baada ya mwingine.

"Basi hukukosea," akasema. "Na mimi nimezunguka nikiwaambia watu kwamba umekosea."

Akaegemea meza, akasimama. Mimi ndipo mdomo ukafunguka, sasa ambapo hauna kazi. Nilimwambia anisamehe, nilimwambia naileta leo hii, nilimwambia nusu kwa nusu, nilimwambia Mstari na Mpwa, jina zuri, nalipenda. Maneno yalinimwagika na sikuona hata moja lililomfikia. Alisema ana ukuta wa watu hajaumaliza, na anataka awahi kabla jua halijawa kali. Karatasi aliiacha kwenye kiti.

Basi nikakaa kusubiri kuumbuliwa. Nilijua mama atakuja na kanga kiunoni, nilijua ndugu watapigiana simu. Na mimi nilivyo, niliandaa hata majibu, kwamba mashine ni ya aliyenunua, kwamba hakuna aliyemkataza kwenda kwa fundi mwingine. Nilikuwa na hasira tayari za kumgawia kila atakayefungua mdomo.

Siku ya nne mama akaja, na alikuwa anacheka. Akapita moja kwa moja nyuma ya pazia, akafunua shuka lake mwenyewe, akaipigapiga mashine mgongoni. Kumbe mjomba amemweleza. Amemwambia kwamba alibadili mawazo, kwamba mzee na kompyuta wapi na wapi, na kwamba ni yeye mwenyewe aliyenishauri niichukue mimi.

"Una bahati ya mjomba," mama akaniambia. "Wenzio wana wajomba wa kuwaibia."

Mjomba Mstari, ambaye sijawahi kumsikia akidanganya hata idadi ya makopo ya rangi, amemdanganya dada yake kwa ajili yangu. Matusi ningeyaweza. Hasira ningezirudisha. Hili sikuwa na pa kuliweka.

Mama alipoondoka tu, nikamwita msukuma mkokoteni. Tuliipakia mashine watu watatu, nikaifunga kamba juu ya shuka lake la maua, tukashika barabara kuu mchana kweupe. Safari hii sikupita njia ya nyuma. Duka la viatu, saluni, duka la mbao, la vyombo, yote yana herufi zake, na wenye maduka wakatoka milangoni kuuliza kama nahama. Nikazidi kwenda.

Nilimkuta kwenye ukuta wa shule ya chekechea, juu ya ngazi, anachora herufi kubwa za buluu. Nikasimama chini nikamwita. Nilimwambia mashine hii hapa, ni yake, sitaki pesa yake wala nusu wala jina. Nitamfundisha. Au kama hataki kuiona sura yangu, nitamtafutia fundi mwingine amfundishe. Aniambie tu niishushe wapi.

Akageuka. Aliitazama mashine kwa muda, kamba zake, shuka lake, magurudumu ya mkokoteni. Nilidhani anatafuta mahali pa kuishushia.

"Hiyo siinunui," akasema kwa upole, wala si kwa sauti ya ugomvi. "Fundi wangu aliniambia niiache."

Akageukia ukuta, akachovya brashi. Msukuma mkokoteni akaniuliza tunarudi au tunashusha, nikamwambia asubiri. Ile ngazi ilikuwa imesimama vibaya, mguu mmoja juu ya jiwe, na kila mjomba aliponyoosha mkono ngazi yote ilitetemeka. Nikafanya kitu pekee nilichowahi kukijua vizuri kabla ya mashine. Nilisogea, nikaweka mguu kwenye kipago cha chini, nikashika pande zote mbili kwa nguvu. Shika, usiangalie watu. Sikuangalia watu.

Ngazi ikatulia. Na brashi nayo ikatulia.

Nilisubiri nisikie ikiendelea, sikusikia. Nikainua macho. Hakuwa amenitazama. Alikuwa ameelekea ukutani vilevile, mkono ameuweka hewani na brashi imejaa rangi, anangoja. Tone la buluu likanidondokea kwenye kifundo cha mkono, kisha la pili. Nilielewa, lakini nilishika tena kidogo, nikijipa matumaini. Hakusogea.

Nikaiachia. Nilirudi nyuma hatua moja, kisha nyingine, hadi mgongo ukagusa mkokoteni. Ndipo mjomba akashusha brashi ukutani na kuendelea na herufi yake, na ngazi ikaanza tena kutetemeka.